Safari ya mafunzo Aceh: Neno moja lililookoa kisiwa

Katika vikao vya wazazi wa madrasa yetu hurejea suala moja kila mwaka: safari za mafunzo za wanafunzi zina faida gani, ilhali ada yenyewe hulipwa kwa taabu? Wako wazazi wanaoziona kuwa ni matembezi yaliyovishwa joho la elimu, na mara nyingi hawakukosea. Tumeshuhudia safari ambazo wanafunzi wamerejea na picha mia mbili katika simu zao, na wakiulizwa walichojifunza wakatazamana. Kwa hiyo badala ya kujibu kwa hoja tupu, tumeona bora tuwasimulie wasomaji safari moja tuliyokuwamo wenyewe, miaka ile tulipokuwa tukisoma katika chuo cha Kiislamu nchini Malaysia, tukavuka kwenda nchi jirani ya Indonesia, katika jimbo la Aceh, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra.

Malaysia na Indonesia ni majirani wa kuombana chumvi. Kati yao upo Mlango wa Malacca, na lugha zao ni ndugu kiasi kwamba mtu wa Kuala Lumpur na mtu wa Banda Aceh huelewana bila ya mkalimani. Shule na vyuo vya Malaysia vina desturi ya zamani ya ziara hizi, na wenyewe huziita kwa maneno yenye maana ya kutembelea huku unajifunza. Sisi tulikuwa wanafunzi kumi na tisa: wengi wao Wamalaysia, wachache kutoka kusini ya Thailand na Cambodia, na watatu wa Afrika Mashariki.

Jambo la kwanza ambalo wazazi wetu wangelipenda kulisikia ni kwamba safari ile ilianza wiki sita kabla ya kupanda ndege. Ustadhi aliyetuongoza alimpa kila mmoja suala lake, akamwambia alifanyie kazi maktaba kwanza, na kwamba atakayefika siku ya kuondoka bila ya kurasa tano za maandishi atabaki bwenini. Mmoja alibaki. Suala tulilopewa sisi lilituudhi: kwa nini katika gharika ya mwaka 2004 watu wa sehemu moja walikufa, na wa sehemu nyingine wakapona? Tuliliona kama suala la mtu asiyeridhika na qadari ya Mwenyezi Mungu. Ustadhi hakutujibu. Alituambia tukasome kisa cha Sayyidna Umar aliposikia kuwa tauni imeingia Sham, akarudi njiani na jeshi lake, na jinsi alivyomjibu aliyemshutumu kuwa anakimbia qadari.

Ndege kutoka Kuala Lumpur hadi Banda Aceh haimalizi saa mbili. Mtu wa mwambao wetu akishuka pale hapati ugeni mkubwa: minazi ipo, joto la unyevu lipo, wazee wa kofia na saruni wapo, na vijana huinama wakaubusu mkono wa mkubwa wanapomwamkia. Kahawa hunywewa kwa wingi, na mabaraza ya kahawa hujaa watu kuanzia baada ya Alfajiri. Hata maneno humpokea mgeni: kitab, waktu, kabar, dunia, sabun, selamat. Wenyeji huliita jimbo lao Serambi Mekkah. Serambi ni ile sehemu ya mbele ya nyumba ambapo wageni huketi, na sisi hatukuhitaji kufasiriwa zaidi, maana hilo ndilo baraza. Zama za majahazi, mahujaji wa visiwa vile walikusanyika Aceh kungoja safari ya Hijazi; ndiyo ikawa Baraza ya Makka.

Siku ya kwanza ilikuwa ya wanazuoni. Tulizuru kaburi la Sheikh Abdurrauf wa Singkil, ambaye watu wa Aceh humwita Syiah Kuala, na ambaye chuo kikuu cha serikali cha mji ule kimepewa jina lake. Mwanachuoni huyu alitumia takriban miaka 19 akisoma katika nchi za Kiarabu, akarejea kwao mwaka 1661, na akaandika tafsiri ya mwanzo kamili ya Qur'ani kwa lugha ya Kimalei, kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika Kiswahili babu zetu wa Lamu na Unguja. Alifariki mwaka 1693. Na hapa pana jambo ambalo wenzetu wa kike katika msafara hawakuliacha lipite: wakati ule Aceh ilikuwa ikitawaliwa na wanawake. Malkia wanne walifuatana katika kiti cha usultani kuanzia mwaka 1641 hadi 1699, na kitabu chake mashuhuri cha fiqhi Sheikh alikiandika kwa ombi la malkia wa kwanza wao, Safiatuddin. Mjadala uliozuka ndani ya basi jioni ile juu ya uongozi wa mwanamke ulikuwa mkali, na hautakwisha katika ukurasa huu.

Kaburi lenyewe lipo karibu sana na bahari. Hapo ndipo tulipoanza kuyaona tuliyoyafuata.

Jumapili ya tarehe 26 Disemba 2004, saa mbili kasoro dakika mbili za asubuhi kwa saa za Aceh, ardhi ilitetemeka chini ya bahari upande wa magharibi wa Sumatra. Wapimaji waliliweka tetemeko lile katika kipimo cha 9.1, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa. Mitikisiko ilipotulia watu wa Banda Aceh walitoka nje, wakakaa mabarazani na barabarani wakisoma nyiradi na kukagua nyufa za nyumba. Muda usiotimia nusu saa bahari iliingia mjini. Katika nchi zote za Bahari ya Hindi walikufa watu wapatao 230,000, na wengi wao, zaidi ya 160,000, walikuwa wa Indonesia, hasa Aceh.

Meli ya kuzalisha umeme yenye uzito wa tani 2,600 iliyokuwa imefungwa bandarini ilibebwa kilomita kadhaa ikatuliwa katikati ya mtaa, na mpaka leo ipo hapo hapo, watu huipanda kwa ngazi. Katika mtaa wa Lampulo mashua ya wavuvi ilipanda juu ya dari ya nyumba, na watu 59 wakajiokoa ndani yake. Haya ndiyo yapigwayo picha zaidi na wageni, na sisi pia tulipiga.

Msikiti Mkuu wa Baiturrahman unastahili maneno zaidi. Msikiti wa kale uliteketea mwaka 1873 Waholanzi walipoushambulia mji. Mkoloni alipoona kuwa moto ule umewasha hasira isiyozimika, akajenga mwingine mahali pale, akaukamilisha mwaka 1881, ukiwa na kuba moja. Waislamu wengi wa Aceh walikataa kusali ndani ya jengo la mikono ile. Miaka ikapita, wakausamehe msikiti, kuba zikaongezwa hadi kuwa saba, nyeusi juu ya kuta nyeupe, na leo hakuna kitu kinachopendwa zaidi mjini humo. Asubuhi ya gharika ulisimama na maelfu wakakimbilia ndani yake, huku majengo mengi yakisombwa. Tangu siku hiyo picha za misikiti iliyobaki peke yake katikati ya vifusi zimesambazwa duniani kuwa ni miujiza.

Sisi tulikwenda na hamasa hiyo hiyo. Mwenyeji wetu, mhandisi aliyekuwa akisali pale, alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuonesha nguzo nene na nafasi pana zilizowazi kati yake, mahali ambapo maji hupita bila ya kupata ukuta wa kuusukuma. Akasema misikiti mingi ya Aceh ilijengwa kwa amana, fedha za waqfu hazikuibwa, chuma hakikupunguzwa, ilhali nyumba za jirani zilijengwa kwa haraka. Akaongeza kwamba ipo misikiti iliyosombwa pia, ila haipigwi picha kwa sababu haipo. Baadhi yetu walihuzunika, kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Kwetu sisi tuliokuja baadaye kukabidhiwa daftari za ujenzi wa msikiti, habari ile ya chuma kisichopunguzwa inatosha kuwa mawaidha ya mwaka mzima.

Siku ya tatu tuliingia Makumbusho ya Tsunami. Mgeni huingia kwa ujia mwembamba wenye giza, kuta ndefu pande mbili na maji yakichuruzika juu yake, sauti ya maji ikimzunguka. Halafu huingia katika chumba cha duara kirefu kama kisima, majina ya waliokufa yameandikwa ukutani kuanzia chini kwenda juu, na kileleni, mwanga unapoingilia, lipo jina la Allah. Hakuna aliyezungumza humo ndani.

Aliyetupokea tulipotoka alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi. Tulimwita Ibu, kama sisi tunavyomwita mama kila mwanamke wa umri ule. Mawimbi yalimchukulia mume na watoto wawili. Alitusimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi. Baada ya tetemeko, alisema, maji ya ufukweni yalirudi nyuma mbali sana, samaki wakabaki wanarukaruka kwenye mchanga. Watoto wa mtaa walishangilia. Watu wazima walishika ndoo na vikapu wakawafuata.

Mmoja wa msafara wetu, kijana mwenye bidii ya dini lakini mchache wa hekima siku ile, aliuliza kama watu wa Aceh wanaamini kwamba ile ilikuwa adhabu kwa maasi yao. Ustadhi alikunja uso. Ibu hakukasirika. Alisema, “Mwanangu, mdogo wangu alikuwa na miaka minne.” Ustadhi akaingilia, akakumbusha kuwa Mtume (SAW) amemhesabu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo kuwa ni miongoni mwa mashahidi, na kwamba anayewasomea hukumu wafu ajichunge na ulimi wake. Kisha Ibu akasema jambo ambalo tuliliandika neno kwa neno katika daftari: “Sisi tulikuwa na sala, tulikuwa na Qur'ani, tulikuwa na wavuvi hodari. Hatukuwa na neno.”

Hatukumfahamu hadi jioni, tulipokutana na wanafunzi wa chuo kikuu cha pale. Miongoni mwao alikuwemo mzaliwa wa Simeulue, kisiwa kilichopo kiasi cha kilomita 150 kutoka pwani ya magharibi ya Sumatra, karibu mno na kitovu cha tetemeko. Watu wa kisiwa hicho wanalo neno: smong.

Mwaka 1907 kisiwa kile kilipigwa na wimbi kubwa likaua sehemu kubwa ya wakazi. Waliosalia hawakuwa na magazeti wala vyombo vya kupimia. Walichofanya ni kulipa tukio lile jina, na jina hilo wakalitia katika hadithi za usiku na katika nyimbo za kubembelezea watoto. Mwenzetu yule alituambia kuwa bibi yake hakumlaza bila ya kulitaja. Mafunzo yake ni mafupi: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikapwa ghafla, usiokote samaki, usirudi kuchukua kitu, kimbilia mlimani, na ukimbiapo piga kelele, smong.

Miaka 97 baadaye, wimbi la mwanzo lilifika Simeulue dakika zipatazo kumi tu baada ya tetemeko. Hakuna mtambo wowote wa serikali ambao ungetoa tahadhari kwa kasi hiyo. Watu walipiga kelele neno lile wakapanda vilima wakiwa wamebeba wazee migongoni. Kisiwa kilikuwa na wakazi wapatao 78,000. Nyumba zilibomoka kwa maelfu. Waliokufa walikuwa saba.

Tulikuwa tumekwisha kusoma idadi hiyo Malaysia, katika zile kurasa tano. Lakini kuisoma maktaba ni jambo moja, na kuisikia kwa kijana aliyepandishwa kilimani mgongoni mwa mjomba wake, masaa machache baada ya kuketi na Ibu, ni jambo jingine. Nchi ni moja, dini ni moja, bahari ni moja. Kilichotofautiana ni mabibi: wa upande mmoja waliendelea kusimulia, na wa upande wa pili hawakurithishwa hadithi ya kusimulia. Jibu la suala letu lilikuwa hilo, na halikupingana na qadari hata kidogo.

Ibu alikuwa amekwisha kulichukua neno lile akalipeleka darasani kwake. Kila mara hufanya zoezi na watoto: kengele inapigwa, wanajikinga vichwa chini ya madawati, kisha wanatoka kwa safu kuelekea mahali pa juu. Hata hivyo si kwamba Aceh nzima imejifunza. Tarehe 11 Aprili 2012 lilipotokea tetemeko jingine kubwa la kipimo cha 8.6, watu wa Banda Aceh walipanda magari na pikipiki wakazibana barabara wasiweze kusogea, na majengo marefu ya kukimbilia yaliyojengwa kwa gharama yakapata watu wachache. Bahati njema wimbi la siku ile halikuwa la kuua.

Msomaji atauliza haya yanamhusu nini mtu wa Tanga, Mafia au Lamu. Yanamhusu, kwa sababu wimbi lile la 2004 lilifika kwetu. Tetemeko lilipotokea sisi huku ilikuwa karibu saa kumi za usiku, watu wamelala; mchana wake, saa nyingi baadaye, bahari ilifika Afrika Mashariki ikiwa bado na nguvu. Somalia ilipoteza watu wanaokaribia 300. Tanzania walikufa watu wapatao kumi au zaidi kidogo, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea siku ya Jumapili. Kenya habari zilitangulia, fukwe zikaondolewa watu, akafa mmoja. Tofauti kati ya nchi na nchi hapa pia ilikuwa ni neno kufika mapema.

Baada ya msiba ule Bahari ya Hindi imewekewa mfumo wa tahadhari chini ya UNESCO, na nchi zetu zinapokea taarifa zake kupitia mamlaka za hali ya hewa. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 5 Novemba kuwa siku ya kukumbusha juu ya tsunami. Hayo ni mema. Lakini mtoto aliyeko ufukweni hana simu ya mamlaka. Ana macho yake, na alichosikia nyumbani. Sisi watu wa mwambao tunajua maji kujaa na kupwa, tunajua bamvua na maji mafu, na mzee wa Kiswahili hakuhitaji kalenda kujua mwezi unavyoivuta bahari. Elimu ya bahari iliyopwa isiyo saa yake ingekaa kwa urahisi pembeni ya elimu hiyo, lau kama ingesimuliwa.

Kwa hiyo, kwa wazazi wanaouliza juu ya safari: msiulize kwanza nauli ni shilingi ngapi wala watoto watalala wapi, ingawa hayo nayo yana haki yake. Ulizeni mtoto anakwenda na suala gani, na nani atamsikiliza jibu atakaporudi. Safari isiyo na suala hata ikiwa ya bure ni ghali. Na si lazima iwe ya kuvuka bahari. Mwaka uliopita kamati yetu haikuwa na fedha za basi hata la kwenda Bagamoyo, ikabidi safari ya wanafunzi wa darasa la juu la madrasa iwe ya kwenda nyumba za wazee wa mtaa, wawili wawili, kila jozi na daftari, baada ya sala ya Alasiri. Suala lilikuwa moja: umewahi kuiona bahari ikifanya nini usichokielewa?

Wengi walirudi na habari za dhoruba na majahazi, na jozi moja ilirudi na habari ya jini, ambayo tuliipokea. Lakini watoto wawili walioketi kwa mzee mmoja mvuvi wa nyavu walirudi na ukurasa na nusu. Siku moja ya Jumapili, miaka mingi nyuma, mzee alikuwa akitengeneza wavu chini ya mvinje. Maji yalikuwa yanajaa kwa saa yake. Yakasimama, yakarudi nyuma mpaka dau lake likalala ubavu juu ya matope, yakarejea kwa kasi, yakarudi tena. Aliyahesabu mara tatu. Alidhani macho yake yameharibika, akaenda kulala. Watoto walimuuliza kwa nini hakupata kumsimulia mtu. Walichoandika katika daftari ni hiki: “Babu amesema hakuulizwa.”